Namna ya kuandaa igizo la dakika 40 kuhusu Mikhail Shchepkin, mwigizaji aliyezaliwa mtwana

Mwongozo huu ni wa vikundi vya maigizo vya sekondari, vyuo vya ualimu na vijana wa makanisani, kuanzia Tunduma hadi Iringa: vile vyenye ukumbi wa kawaida, mabati juu, viti vya plastiki na hela kidogo. Mnahitaji waigizaji tisa, mtu mmoja wa taa, wiki tano za mazoezi na makoti ya mitumba. Mhusika ni Mikhail Shchepkin, Mrusi aliyezaliwa 1788 akiwa mali ya bwana mwenye shamba, akafa 1863 akiwa mwigizaji aliyeheshimiwa kuliko wote Moscow.

Igizo la maisha ya mtu huharibika mapema, pale linapoandikwa kama wasifu wa marehemu unaosomwa msibani. Msimulizi anasimama pembeni na karatasi, anataja alipozaliwa, aliposoma, alipofanya kazi, na wenzake wanapita nyuma yake wakionyesha kwa vitendo. Kwa Shchepkin kosa hilo ni zito maradufu. Kazi aliyoifanya ni kuwatoa waigizaji wa Urusi kwenye kupaza sauti na kurusha mikono, akawafundisha kusema kama watu wanavyosema. Kikundi kinachopiga kelele jukwaani kinampinga mtu kinayemsimulia. Kwa hiyo robo tatu ya kazi yenu itakuwa sauti na mwili, na tarehe zitachukua nafasi yake ndogo.

Mambo ya kuweka sawa kabla ya kuandika

Shchepkin alikuwa mtwana. Msitumie neno mtumwa, maana hadhira yetu itawaza misafara ya pembe, Bagamoyo na majahazi. Mtwana wa Kirusi aliishi kijijini kwake, alikuwa na familia na kanisa lake, lakini alifungwa kwa bwana wake, hakuweza kuondoka bila ruhusa, na aliweza kuuzwa. Utaratibu huo ulifutwa 1861, miaka miwili tu kabla Shchepkin hajafa.

Msimvishe matambara. Baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba ya bwana wao, Hesabu Volkenstein, na kijana alipelekwa shule hadi mjini Kursk. (Hesabu hapa ni cheo cha ukabaila wa Ulaya, jukwaani semeni "bwana mkubwa" tu, watu wataelewa.) Uchungu wa maisha yake uko hapo hapo: kijana aliyesoma, msafi, anayejua vitabu, lakini ni mali ya mtu. Mkimweka na miguu peku na jembe mkononi, uchungu huo unapotea na inabaki picha ya umaskini ambayo kila mtu ameshaiona.

Tarehe zitawachanganya mkisoma vyanzo tofauti. Urusi ya wakati huo ilitumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 11 katika karne ya 18 na siku 12 katika karne ya 19. Ndiyo maana kuzaliwa kwake huandikwa 6 Novemba mahali pengine na 17 Novemba kwingine, na kifo chake, kilichomkuta Yalta, huandikwa 11 au 23 Agosti. Jukwaani tajeni mwaka peke yake.

Jina lake litamkwe Shepkin. Ulimi wa Kiswahili hauhitaji kuhangaika na zaidi ya hapo, mradi wote tisa mlitamke namna moja.

Matukio sita

Kursk, 1805, dakika 6. Kijana ambaye hajafika miaka 18 anafanya kazi ndogondogo kwenye ukumbi wa ndugu Barsov: kunakili maneno, kuwanong'oneza waigizaji waliosahau. Mwigizaji mmoja amekwama kwenye nyumba ya pombe, onyesho ni la leo, na kijana anapewa nafasi ya Andrei, mpeleka barua, katika tamthilia iitwayo *Zoa*. Tukio hili liende mbio, bila maelezo.

Kijiji cha Yunakovka, 1810, dakika 8. Hiki ndicho kitovu. Nitakirudia hapa chini.

Mazoezini, muda mfupi baadaye, dakika 5. Hili linaungana na la pili.

Poltava, 1818, dakika 6. Mtawala wa jimbo, Mwanamfalme Repnin (hiki nacho ni cheo cha ukabaila, si mtoto wa mfalme), anasimamia mchango wa kumkomboa Shchepkin. Linafanyika onyesho maalumu, watu wanachanga, fedha hazitimii, Repnin anajaza. Hadhira yetu inajua michango: kadi, ahadi, daftari, mweka hazina anayejumlisha mara mbili. Tumieni ujuzi huo. Shchepkin asimame pembeni kimya wakati majina yanasomwa na jumla inaongezeka, kwa maana kinachochangiwa ni yeye mwenyewe. Mke wake Elena awepo, ameshika mtoto. Elena alizaliwa Mturuki na alikutwa mtoto mdogo wakati jeshi la Urusi lilipoteka ngome ya Anapa. Msimalize kwa vigelegele, kwa sababu uhuru kamili wa familia ulikuja baadaye, ilipofika 1822. Mwaka huo huo alionekana kwa mara ya kwanza jukwaani Moscow.

Moscow, 1836, dakika 9. Tamthilia ya Gogol, mwandishi Mrusi, ambamo Shchepkin anaigiza Meya.

Nizhny Novgorod, 1857, dakika 6. Shchepkin mzee anamtembelea mshairi Shevchenko.

Shchepkin aigizwe na watu wawili, kijana kwa matukio manne ya kwanza na mwenye umri kwa mawili ya mwisho. Wabadilishane mbele ya watu: kijana anavua koti, mkubwa analivaa, taa haizimwi. Sekunde kumi zinatosha.

Tukio la 1810, na namna ya kulifundisha

Shchepkin mwenyewe aliacha kumbukumbu alizoandika, na ukurasa wa kwanza ulianzishwa 1836 kwa mkono wa mshairi Pushkin, aliyemhimiza aandike. Humo anaeleza uigizaji ulivyokuwa ujanani mwake. Hakuna aliyesema kwa sauti yake halisi. Maneno kama mapenzi, shauku na usaliti yalipigiwa ukelele kwa nguvu zote. Mwigizaji hakuipa hadhira mgongo, na akimaliza hotuba yake hutoka jukwaani akiwa ameinua mkono wa kulia. Anamtaja mmoja aliyesahau kuuinua, akakumbuka akiwa nusu ya njia, akasimama na kuuinua kwa heshima zote.

Halafu 1810 akamwona Mwanamfalme Meshchersky akiigiza nafasi ya Salidar katika tamthilia ya Sumarokov, kwenye ukumbi wa nyumbani. Mwanzoni Shchepkin aliona huyu hajui kitu: harushi mikono, anaongea tu. Kadiri onyesho lilivyosonga akashindwa kumwondolea macho.

Lifundisheni hivi. Chukueni sentensi moja fupi ya kwenu, kwa mfano ya mzee aliyegundua sanduku lake la hela limefunguliwa: "Nani amegusa hili sanduku? Ufunguo ninao mimi." Mwigizaji wa kwanza aitoe kwa mtindo wa kale: kifua mbele, uso kwa hadhira, "nani" kwa ukelele, mkono juu wakati wa kutoka. Aifanye kwa dhati. Hapa vikundi vingi hukosea, kwa kuwa mwigizaji anajua mtindo huo unachekesha, kwa hiyo anaanza kuwakonyeza watu. Papo hapo tukio linakufa, kwa sababu wanacheka naye badala ya kuona ulimwengu ambamo hivyo ndivyo ilivyokuwa sahihi. Mwambieni kwamba huyu ni mwigizaji bora wa mji wake na anajua kazi yake. Watacheka vilevile, lakini kicheko kitakuwa cha kweli.

Sasa Meshchersky. Aketi. Aliangalie sanduku, agundue kufuli limekaa upande, alirudishe wima kwa kidole kimoja. Ndipo aseme "nani amegusa hili sanduku," kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi mezani. Anyamaze, ahesabu moyoni hadi tatu, apapase shingo yake ilipo kamba ya ufunguo. Kisha: "Ufunguo ninao mimi." Asiinue mkono wowote. Mkilipata hili vizuri, ukumbi utanyamaza bila kuombwa, na Shchepkin kijana aliyekaa pembeni anahitaji tu kuacha kutafuna mbegu za alizeti alizoshika.

Tukio la tatu ndilo lenye somo la kazi. Shchepkin alijaribu kumuiga Meshchersky akashindwa, tena na tena. Siku moja akifanya mazoezi ya nafasi ya Sganarelle, katika tamthilia ya Molière, alikuwa amechoka, akaanza kuyatamka maneno yake kivivu tu, bila kuyaigiza. Ghafla akasikia kwamba amesema sentensi kadhaa kwa urahisi, kama yeye mwenyewe ndiye angezisema maishani. Alipojaribu kuyarudia kwa makusudi, yalikimbia tena.

Kupata uchovu huo mazoezini, mpeni mwigizaji kazi ya mikono: kumenya viazi, kupanga vitabu, kukunja mashuka. Aseme maneno yake yote huku akifanya kazi, mara nne mfululizo. Mara ya kwanza na ya pili ataigiza. Ya tatu atachoka. Ya nne, sikilizeni. Mwongozaji aandike zile sentensi zilizotoka zenyewe. Kisha mwondoleeni viazi na arudie. Zikipotea, mrudishieni viazi. Msimwambie "kuwa wa kawaida," kwani mtu akiambiwa hivyo hukakamaa.

Kuna mtego wa upande wa pili. Vijana wakisikia "sema kawaida" huanza kunong'ona, na mstari wa tatu hausikii. Wekeni mtu kiti cha mwisho kabisa, ainue mkono kila mwisho wa neno unapomezwa. Katika igizo hili mwisho wa neno ndiyo habari yenyewe: *amenunua* na *amenunuliwa* vinatofautiana mwishoni tu, na ndani yake kuna bwana na mtwana. Pumzi ivutwe kabla ya sentensi, itunzwe hadi silabi ya mwisho, na mdomo ufunguliwe kuliko mazungumzo ya kweli kwa kama theluthi moja.

Kuwatazama watu

Mwaka 1848 Shchepkin alimwandikia barua mwigizaji kijana, Shumsky. Alimsihi awe miongoni mwa watu kadiri muda unavyoruhusu, awachunguze, na asipuuze hata kisa kidogo bila kujiuliza kwa nini kilitokea vile. Wiki ya pili, tumeni kila mwigizaji akakae nusu saa stendi ya Kabwe, soko la Mwanjelwa, minadani, au Makambako magari yanaposimama. Bila kupiga picha na bila kumfuata mtu. Aandike vitu vitatu kwenye daftari: mikono inafanya nini mtu akisubiri, uzito wa mwili uko mguu gani, na uso unafanya nini wakati mwingine anaongea. La tatu ndilo gumu na ndilo la thamani, kwani mwigizaji mchanga hufa akimaliza maneno yake: anasimama kama mlingoti hadi zamu yake irudi.

Anayeigiza Meya wa Gogol amtazame mtu mwenye cheo kidogo akiongea na aliye chini yake, kisha akipigiwa simu na mkubwa wake. Mabega yatamwambia kila kitu.

Shchepkin aliigiza pia katika *Natalka Poltavka*, tamthilia ya Kotliarevsky ya 1819, iliyoandikwa kwa lugha ya watu wa Ukraine na siyo ya mabwana. Ndiyo sababu nzuri ya kuingiza dakika moja ya Kihehe, Kinyakyusa, Kibena au Kisafwa katika tukio la Poltava, wazee wa mchango wakiteta wao kwa wao. Dakika moja tu, na maana ieleweke kwa vitendo.

Meya, 1836

*Mkaguzi Mkuu wa Serikali* ya Gogol ipo kwa Kiswahili. Gogol alikufa 1852 na kazi yake haidaiwi na mtu, lakini tafsiri ina mwenyewe. Ama ombeni ruhusa, ama andikeni maneno yenu kwa kufuata kisa: mji mdogo wa maofisa wala rushwa unamdhania kijana mpita njia kuwa ndiye mkaguzi, unamlisha na kumkopesha, kisha mkaguzi halisi anatangazwa.

Makosa mawili ya historia yaepukwe. Shchepkin hakuwa Meya wa kwanza. Onyesho la kwanza lilikuwa Petersburg mwezi Aprili 1836, na Meya alikuwa Sosnitsky. Shchepkin aliifungua Moscow mwezi Mei, katika Ukumbi wa Maly, yaani Ukumbi Mdogo, uliokuwepo tangu 1824. La pili: ule usemi maarufu ambapo Meya anawageukia watazamaji na kuwaambia kwamba wanajicheka wenyewe haukuwemo 1836. Gogol aliuongeza katika chapa ya 1842. Mkiutia kwenye tukio la 1836, mtu anayejua atawakamata. Wekeni mkazo kwenye mwisho uliokuwepo, picha ya watu waliogandishwa.

Maelekezo ya Gogol yanasema kundi lisimame vile karibu dakika moja na nusu, Meya katikati kama nguzo, mikono imetandazwa na kichwa kimetupwa nyuma. Sekunde 90 ni nyingi mno kwa mwili usiozoea. Anzeni na 20 siku ya kwanza, mkiongeza 10 kila zoezi. Kwa mazoezi matatu kwa wiki mtafika 90 zoezi la nane. Magoti yasikazwe hadi mwisho, maana aliyeyakaza muda mrefu anaweza kuzirai. Uzito uwe miguu yote miwili. Meya ateremshe viwiko kidogo chini ya mabega, la sivyo mikono itaanza kutetemeka mapema. Wengine wachague mikao ambayo mikono iko chini ya kifua. Kila mtu aweke jicho kwenye kitu kimoja, na kupepesa kunaruhusiwa. Hadhira itacheka sekunde za mwanzo, itanong'ona katikati, halafu itanyamaza. Usikubali mtu wa pazia afunge wakati wa kunong'ona.

Maleba, taa na mabati

Njombe, Makete na Mafinga kuna baridi, kwa hiyo makoti mazito ya mitumba hayakosekani. Tafuteni marefu yanayofika magotini, rangi nyeusi, kijivu au kahawia, yasiyo na zipu inayoonekana. Koti la Meya fundi cherehani abadilishe kola iwe ya kusimama na aweke vifungo vya rangi ya shaba safu moja. Kwa watumishi: shati jeupe kubwa, kola imekunjwa ndani, limefungwa kamba kiunoni nje ya suruali, na mabuti meusi ya mvua yaliyofutwa yakang'aa.

Shchepkin alikuwa mfupi mnene. Mto wa kulalia hauwezi kazi hiyo, unateremka. Kunjeni sweta moja nzito liwe bapa, liwekeni tumboni juu ya fulana, zungusheni khanga mara mbili kutoka mbavuni hadi nyonga, bananisheni kwa pini za usalama upande wa ndani, na zoezi lifanyike nalo tangu wiki ya tatu ili mwendo uwe wa mtu mnene kweli.

Kumbi za wakati huo ziliangazwa kwa mishumaa na taa za mafuta, nyingi zikiwa sakafuni ukingoni mwa jukwaa. Moto halisi msiuguse, pazia na makoti vinashika haraka. Chukueni makopo matano ya rangi ya lita 4, yaosheni, yakateni nusu kwa urefu kwa mkasi wa bati, kingo zikunjwe. Nje pakeni nyeusi, ndani mwacheni mng'ao. Kila nusu isimame ukingoni, mgongo kwa hadhira, na ndani yake taa ndogo ya sola iliyofunikwa karatasi ya rangi ya chungwa. Nafasi kati ya kopo na kopo ni hatua moja. Waigizaji wakae mita moja na nusu nyuma yake. Wakisogea zaidi, vivuli vyao hupanda ukutani vikubwa kama majitu. Na kwa kuwa taa ni za sola, umeme ukikatika onyesho linaendelea.

Mvua juu ya mabati humeza sauti yoyote. Mbeya na Iringa onyesheni kati ya Juni na Oktoba. Tukuyu subirini hadi Agosti au Septemba, na hata hivyo muwe na siku ya akiba. Juni na Julai anzeni saa 9 alasiri, watazamaji wanaosikia baridi hawatulii.

Tukio la mwisho

Taras Shevchenko, mshairi wa Ukraine, naye alizaliwa mtwana, akakombolewa 1838. Mwaka 1857 alikuwa ametoka kifungoni uhamishoni lakini hakuruhusiwa kuingia Moscow, akabaki Nizhny Novgorod. Shchepkin, mwenye miaka 69, akamfuata kwenye theluji ya Desemba. Ni kama kilomita 400, zaidi ya Mbeya hadi Iringa, na reli ilikuwa haijafika.

Msiandike hotuba hapa. Shevchenko yuko peke yake, anapanga karatasi. Mlango. Mzee ameingia, koti lina chembe nyeupe mabegani (unga wa sembe kidogo, usio wa kumwagika sakafuni). Shevchenko anamvua koti, anamkalisha, anamvua buti moja, anampa kikombe cha chai, anakishika pamoja naye kwa kuwa vidole vya mzee vimekufa ganzi. Waulizane habari za safari, za nyumbani, za nani bado yu hai. Neno utwana lisitajwe hata mara moja. Chai ipoe kweli, wanywe hadi mwisho, na mtu wa taa aanze kufunika makopo moja moja kutoka pembeni kuelekea katikati, akihesabu hadi tano kati ya moja na jingine.